Bibi ametangulia, nimepewa kazi ya kumwandikia wasifu wa hitma na sijui nianzie wapi

Binti_Wete:
Assalam aleikum, na wasiokuwa Waislamu habari zenu. Bibi yangu mzaa mama amefariki mwezi uliopita huko kwetu Wete, Pemba, inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Sasa wajomba wameamua hitma ya arobaini iwe kubwa kidogo na kwa vile mi ndo naonekana nimesoma soma nikatupiwa kazi ya kuandika wasifu wake usomwe kabla ya dua. Basi nakaa na simu usiku naandika nafuta, naandika nafuta. Kila nikianza inatoka "marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu" na ndo hiyohiyo inayosomwa kila hitma, ukibadilisha jina inamfaa maiti yeyote wa kisiwa kizima.

Na bibi hakuwa mtu wa jumla jumla hivyo. Alikuwa msukaji. Mikeka ya ukindu ya rangi, misala, makawa ya kufunikia chakula, vipepeo, na zamani alipokuwa na nguvu hata majamvi ya kuanikia karafuu ingawa majamvi alikuwa hayapendi, anasema kazi ya jamvi haina raha ni kukimbizana na msimu tu. Vidole vyake havikuwa vinatoka rangi, hata siku ya Idi kashatia hina utaona zambarau inachungulia pembeni ya kucha. Anakaa barazani baada ya alasiri, chane, yaani vijiti vya ukindu vilivyochanwa, kazirowesha zilainike, mikono inakwenda na mdomo unakwenda, sisi watoto tunadhani anavuta uradi kumbe mara nyingine anatunga kasida. Ikikaribia Mfunguo Sita wanawake wa mtaani wanakuja kumuuliza bi mkubwa mwaka huu kwenye maulidi tunasoma nini kipya. Ubeti ukimkalia sawa anaacha kusuka, anaweka ukili (ule utepe wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka) chini, anaingia ndani kuandika, na hapo usimsemeshe hata kama nyumba inaungua.

Mmoja naukumbuka kwa sababu alikuwa anatusomea kila tukimharakisha:

Ya Rabi nipe subira
nisuke pasi hasira
kazi yangu ndo tijara
mja wako nakuomba

Kuhusu dini, sikumbuki hata siku moja kuniambia "nenda kasali". Alikuwa anauliza tu, "umeshanitilia maji ya udhu?" Ukishamtilia yeye unaona haya usijitilie na wewe. Wajukuu wote tumeanza kusali kwa njia hiyo, hakuna aliyelazimishwa.

Maswali yangu sasa. Moja huo wasifu niuandike vipi usiwe wa kuchosha watu. Pili kaacha madaftari, yale ya shule ya zamani, kaandika kasida zake zote kwa herufi za Kiarabu lakini maneno ya Kiswahili, na humu ndani hakuna anayeweza kuyasoma, mama anasoma msahafu vizuri tu lakini daftari la mamake anakwama kila mstari. Tatu kaacha mkeka haujesha, ukili umesukwa mwingi tu umezongwa lakini haujashonwa, mama anataka tutafute fundi aumalizie, khalati, ndugu yake wa kike, anasema usiguswe ukae hivyohivyo. Wameshaanza kununiana. Naomba mawazo.

Pweza_Mkavu:
Pole sana dada, Allah amrehemu na ampanulie kaburi lake. Hiyo ya maji ya udhu isome hivyohivyo ulivyoiandika hapa usiiguse. Wasifu umeshauandika nusu nzima na hujui.

MamaTatu_Msa:
Pole mamangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na nyanyangu alikuwa mshoni wa kofia, zile za kazi ya mkono, za vitobo. Kwa wasiojua, ile kofia ni vitambaa viwili vimeshikamanishwa, unachora ua, halafu unatoboa tundu mojamoja kwa sindano na kila tundu unalizungushia uzi mpaka likaze lisichanike, sasa hesabu kofia nzima ina matundu mangapi. Kofia moja nzuri ilimchukua miezi. Macho yalimuisha kwa hiyo kazi lakini alisomesha mamangu na ndugu zake wote kwa hiyo hiyo sindano.

Nyanya alipofariki na sisi tulikuwa na shida kama yako, tukaandika yale ya kawaida. Ikatokea hivi, siku ya tatu matangani akaja mzee mmoja hatumjui, kavaa kofia yake. Akasema hii nilinunua nilipooa, na nyanyako alikataa kuniuzia mpaka anipime kichwa kwa mikono yake maana alisema bwana harusi kofia ikimpwaya atadharauliwa na wakwe. Watu walicheka matangani! Mamangu aliyekuwa hajala siku mbili akacheka. Tukatupa ile karatasi tukaandika kisa cha yule mzee.

Kwa hiyo ushauri wangu, toka nje ya nyumba. Nyinyi wa ndani mwamjua kama bibi. Nenda kwa waliomnunulia mikeka, nenda kwa aliyekuwa akimletea ukindu, nenda kwa wale wanawake wa maulidi, waulize siku moja tu wanayoikumbuka. Usiwaulize "alikuwa mtu wa aina gani", hapo watakujibu mcha Mungu mkarimu. Waulize mligombana lini mara ya mwisho, utapata mambo.

Jambo jingine, angalieni vitu vyake mapema. Kwetu alikuja mfanyabiashara mmoja tungali matangani, mpole kweli, akaomba "aazime" vile vitambaa vya michoro aliyokuwa akichora nyanya. Hatukuviona tena. Baadaye twaona maua yaleyale kwenye kofia za mashine.

Mchaga_Mtulivu:
Poleni sana familia. Mimi ni Mkatoliki wa Rombo kwa hiyo hitma siijui vizuri ila misa ya mazishi naijua na tatizo ni lilelile, historia ya marehemu kwetu inaanza alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, alianza kuugua. Mtu kaishi miaka themanini na kitu, ugonjwa wake unapata aya mbili na maisha yake mstari mmoja.

Bibi yetu alikuwa wa kufuma. Vitambaa vya makochi, vya meza, vya altare kule kigangoni, na alikuwa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa kufa mtu, kitenge chao alikuwa anakipiga pasi ya mkaa Jumamosi usiku halafu hakuna mtoto kukaa karibu nacho. Rozari na uzi wa kufumia vilikuwa vinakaa mfuko mmoja vinasokotana, kila jioni kazi ya kwanza ni kuvitenganisha, na alikuwa anatupa sisi wajukuu tufanye maana vidole vidogo. Tukashangaa padri anasema hiyo kwenye mahubiri, kumbe kaka yangu alimsimulia sakristia dakika kumi kabla.

Ninachotaka kuongezea ni hiki, msimfanye malaika. Bibi yetu alikuwa mkali, alikuwa na ulimi, kuna jirani hawakusalimiana muda mrefu sababu ya mfereji wa maji. Tuliliweka hilo kwenye historia, kwamba waligombana na kwamba ni yeye bibi aliyekwenda kupatana kabla ya Pasaka moja kwa sababu alishindwa kupokea komunyo na kinyongo moyoni. Jirani alikuwepo kanisani. Ukisoma sifa tupu watu wanaomjua wanaangaliana.

Na usizidishe kurasa mbili. Dakika tano. Jua la saa saba halina urafiki na historia ndefu.

Ibn_Haki:
Dada yangu pole, lakini hii arobaini haina dalili katika sunna, na wasifu kusomwa ni kuiga watu wengine. Bora hizo pesa mtoe sadaka kwa niaba yake.

Binti_Wete:
Ahsante kaka nimekusikia. Wazee wameshaamua na mi ni mjukuu tu, na sadaka inatolewa pia. Naomba tusiugeuze uzi jamani.

Pweza_Mkavu:
Mkuu huo mjadala una uzi wake humu, wa kurasa mia na zaidi, haujesha na hautaisha. Huyu kauliza kuhusu bibi yake.

karani_mstaafu:
Binti pole kwa msiba. Nimefanya kazi na makaratasi ya zamani maisha yangu yote kwa hiyo nitajibu la madaftari, mengine wenzangu wamejibu vizuri.

Mamako si kwamba hajui kusoma. Msahafu una irabu zake zote juu na chini na tena mtu kaukariri tangu chuoni. Daftari la bibi ni mkono wa mtu, pengine hakuweka irabu kabisa au kaziweka pale alipoona pana shida tu. Na hata akiziweka, Kiarabu kina alama tatu na sisi tuna irabu tano, kwa hiyo i na e wanakaa chumba kimoja, o na u vilevile. Tena p, ch, v, g wengi wa zamani walikuwa wanaziandika kwa herufi ya jirani yake, be inasimama badala ya p, na kila mwandishi alikuwa na mazoea yake. Ndo maana anayesoma vizuri maandishi haya ni yule anayeijua kasida kwa sikio. Anaona herufi mbili tatu, ubeti unamjia wote.

Sasa hapo ndo haraka ilipo. Daftari litakaa hata miaka hamsini likitunzwa. Wale wanawake waliokuwa wanaziimba ndo hawatakaa. Wakusanyeni wawili watatu, wakae pamoja maana mmoja akisahau mwenziwe anamdaka, wekeni simu katikati irekodi, na mwacheni mtu asiyejua kusoma aimbe huku mamako anafuata kwa kidole kwenye daftari. Nakuhakikishia atasoma. Akishasoma kasida moja mbili anajua mazoea ya mkono wa mamake, zilizobaki zinafunguka.

Kuhusu daftari lenyewe. Msibandike selotepu palipochanika, gundi yake inageuka njano na inakula karatasi. Msipeleke kutiwa plastiki, hapo mmeliua. Pini za kutu zitoeni taratibu. Pigeni picha mchana, kivulini, bila flashi, daftari limelala na simu imelala sambamba nalo, ukurasa mmoja picha moja, na muanzie jaladani hata kama halina kitu maana mara nyingi kwenye jalada ndo kuna tarehe, hesabu za deni, jina la mtu. Usidharau hesabu za deni! Utajua mkeka aliuuza bei gani. Mkitumiana kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, mkituma kama picha inabanwa na herufi zenye nukta zinapotea, na kwa maandishi haya nukta ndo kila kitu.

Mkitaka pa kupeleka nakala, Nyaraka za Taifa Zanzibar wapo pale Kilimani, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar ina hati nyingi za Kiswahili za namna hii zilizokusanywa na J.W.T. Allen miaka ya 1960, kwa hiyo wanajua wanachokiangalia. Nakala nimesema. Daftari lenyewe libaki kwa familia mpaka nyinyi wenyewe muamue vingine.

Na msione haya kwamba ni bibi wa kusuka mikeka. Mwana Kupona binti Mshamu, yule mshairi wa zamani wa pwani, tunamjua leo kwa sababu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alikaa akamtungia bintiye Mwana Hashima wasia kwa hizohizo herufi, namna ya kuishi na watu na kumcha Mungu, na miaka michache baadaye akafariki. Hakuwaandikia maprofesa, alimwandikia mtoto wake wa kike. Binti akautunza, watu wakanakili, ndo umefika.

Shangazi_Maskati:
Mwanangu pole sana, umenitoa machozi huku Maskati. Sisi ni watu wa Chake kwa asili, wazee walihamia huku baada ya 1964, na mkeka wa Pemba bado tunao nyumbani hatuutandiki ovyo.

Nijibu la mkeka maana naona wanaume wamelipita wote. Mi nimesuka utotoni mpaka nimeolewa, na nitakwambia kitu mamako na khalati yako wanakijua lakini hasira zimewafunga. Ukili wa mikono miwili haukai pamoja. Kila mtu ana mkazo wake, bibi yako akivuta hivi fundi anavuta vile, na hata upana wa chane hauwi mmoja. Ukija kuushona pamoja, huku umebana kule umelegea, mkeka unaumuka katikati haulali chini. Ukiutazama tu unajua hapa mtu alikufa. Kwa hiyo kuumalizia kama mkeka mkubwa ni kazi ya kupoteza, hapo khalati ana haki.

Lakini kuuacha umezongwa ndani nako si kuutunza. Ukindu na unyevunyevu wa Pemba ule, ukikaa bila hewa unaota ukungu, rangi inaingiliana, wadudu wanafuata. Mwaka wa pili mtautupa. Hapo mamako ana haki.

Fanyeni hivi. Uchukueni ule ukili muupime, pima ngapi. Mkeka mkubwa unakula ukili mwingi sana ila msala, mkeka mdogo wa kusalia, haukuli hivyo. Kama upo wa kutosha msala basi mshonee msala kwa ukili wake yeye mtupu, asisuke mtu hata chane moja, kushona tu na kutia pindo. Kushona si lazima mkono wa mtu fulani. Tena washone wao wawili, mamako aanze upande mmoja na khalati upande mwingine, na shazia, ile sindano ya kushonea mkeka, watumie ya bibi kama ipo. Ukimaliza ukae kwa nani? Usikae kwa mtu. Uwekeni pale alipokuwa anasalia, kila anayeingia nyumba ile asali hapo. Mtume katuambia mtu akifa amali yake inakatika ila kwa matatu, sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha na mtoto mwema wa kumuombea. Kwa msala huo mumepata mawili kwa mpigo na madaftari ndo la tatu.

Na ukiutunza uzongwe usikunjwe, na usianikwe juani rangi itapauka, upepo tu unatosha.

Mchaga_Mtulivu:
Shangazi wewe uko vizuri. Hii ya ukili wa mikono miwili hata kufuma ni hivyohivyo, dada yangu alijaribu kumalizia kitambaa cha bibi, kona moja imesimama kama sikio.

Binti_Wete:
Wapendwa ahsanteni, nimesoma kila kitu na nimemsomea mama kwa simu. Ya Shangazi nilimsomea mara mbili. Akanyamaza kidogo halafu akasema "huyo kasuka kweli huyo". Jioni yake akaenda na khalati wakaufungua ule mzongo wakapima, msala unatoka na unabaki wa kutosha kipepeo. Shazia ya bibi waliikuta imechomekwa katikati ya ukili humo humo, alikuwa anaiweka hapo watoto tusiichukue tukatobolea maembe. Hawajaelewana nani atatia pindo lakini wanasemeshana angalau.

Mama mmoja wa maulidi nimeongea nae. Nikamuuliza kama MamaTatu alivyosema, mligombana lini? Akasema waligombana kwa sababu yeye aliiimba kasida ya bibi na akabadilisha neno moja lipate kunoga, bibi akasimamisha dufu mbele ya watu wote, akamwambia "hilo neno lako zuri, lakini Mtume hakusifiwa kwa uongo, rudi mwanzo". Wakarudi mwanzo. Anasema mpaka leo akifika hapo anaogopa.

Basi nimeanza upya, inaanza hivi, niambieni:

"Bibi yetu alikuwa na vidole vya zambarau. Aliyenunua mkeka kwake anajua kwamba bei haikupungua, na aliyekuwa hana bei anajua kwamba mkeka alipata. Alitufundisha sala bila kututajia sala, alituomba maji tu. Alitunga kasida akiwa anasuka, na siku moja alisimamisha maulidi kwa ajili ya neno moja."

Halafu nitie kile kisa cha dufu, halafu ubeti wake, halafu dua basi. Tarehe na watoto aliojaaliwa niweke mwishoni kwa kifupi. Mjomba mkubwa ndo msomaji na yeye analia haraka kwa hiyo natia sentensi fupi fupi.

MamaTatu_Msa:
Mashallah. Hiyo ya bei umeiweka vizuri sana, mtu aliyemjua atatikisa kichwa. Lakini mjulishe yule mama kabla ya siku yenyewe kwamba kisa chake chasomwa, asije akafedheheka mbele ya watu.

Pweza_Mkavu:
"Halafu dua basi." Hapo hapo usiongeze.

karani_mstaafu:
Nzuri. Neno alilolikataa lilikuwa lipi? Muulize yule mama, kisha tafuta kwenye daftari palipokuwa na lile alilolitaka yeye. Hapo una mahali pa kuanzia kusoma. Ukipenda weka picha ya ukurasa huo hapa, kuna wazee wawili watatu humu wanaisoma hati hii, na mimi nitajaribu.

Binti_Wete:
Nimeshamuuliza, anasema lilikuwa kwenye kasida ya mwisho ya daftari la jalada la bluu. Naenda Wete Ijumaa kwa boti, nitapiga picha asubuhi kivulini kama ulivyosema na nitaweka hapa.